Mkono Uliobaki

Mimi ndiye niliyemkata.
Si kwa kisu. Kwa kidole kimoja, usiku,
katika chumba cha montaji nyuma ya jenereta,
umeme ukienda, ukirudi, ukienda.

Nilipewa dakika kumi na tisa za picha
na agizo: bakiza mbili.
Mkurugenzi ana suti, alisema mhariri,
ana sentensi fupi, na nyuma yake ukuta mweupe.
Yule mama anaeleza mno.

Kweli alieleza mno.
Alisema: bado hatujui yote.
Alisema: bustani kumi na moja tumepima,
saba zina kobalti katika majani,
lakini msiseme mboga zote, msiwatie watu hofu,
semeni waoshe kwa maji ya bomba,
semeni wahamishe tuta lililo karibu na kijito.
Hapo akasita, akitafuta kwa Kiswahili
kitu alichozoea kukiita kwa Kifaransa,
akakipata, akatabasamu peke yake.
Tabasamu lile lilikuwa sekunde nne.
Nililitupa la kwanza.

Nikabakiza mkono.
Ulihitajika. Mkurugenzi akizungumza
lazima mtu fulani amimine kitu ndani ya chupa.
Mkono kabla ya glavu, kucha fupi,
kovu la asidi chini ya kidole gumba.
Juu yake nikapitisha sauti ya mwanamume.
Chini nikaandika jina la mwanamume, na cheo,
kwa herufi za njano.
Mkono hauandikiwi jina.

Saa moja na nusu jioni, Katuba, kwa mama yangu.
Bukari inatoa mvuke, lengalenga pembeni,
majirani wawili wamekuja na viti vyao
kutazama kazi ya mtoto wa Mama Nshimba.
“Huyu baba ni nani?”
Ni mkurugenzi, mama.
“Sijamwona kwenye matuta yangu.”
Kisha ukatokea mkono,
na mama akaacha kutafuna.

“Huyo! Huyo ndiye Kabange!
Msimu wote wa mvua alikuja, mara sita,
na buti zake za plastiki.
Alipiga magoti kwenye tope langu
akaomba ruhusa, kwa jani moja!
Akaandika jina langu kwenye mfuko.
Si ‘mama wa mboga’.
Jina langu, na la baba yangu, na tarehe.”

Mkono ulikwisha.
Likaja tangazo la sabuni.

“Na alisema nini?” akauliza mama.
“Aliahidi atatuambia majibu.
Mbona hawakumwacha aseme?”

Nilitazama sahani.
Majani yale yaling'aa kwa mafuta ya mawese
kama siku zote.
Katika mji huu wote, usiku ule,
waliojua alichosema walikuwa yeye, mhariri aliyesinzia,
na mimi.

Sikumwambia nani alikata.
Nilimwambia la kijito, la tuta, la maji ya bomba,
nikalirudia kwa maneno yake, hata pale aliposita,
nami nikasita.

Asubuhi nikarudi kazini kutafuta zile dakika kumi na saba.
Kapu la kompyuta lilikuwa tupu.
Diski hazitoshi, wakasema, leo kuna mpira.

Jumamosi nikashika jembe.
Tuta la mama tulilihamisha hatua arobaini,
hadi karibu na ukuta wa kanisa.
Jirani mmoja akasimama, mikono kiunoni:
Mnahama nini? Nani kasema?
Daktari, nikajibu. Kabange Mwepu. Mkemia.
Nikamtajia polepole, jina zima,
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu ndogondogo.

Akafikiri. Akatikisa kichwa.
“Juzi nilitazama habari mwanzo hadi mwisho,” akasema.
“Hakukuwa na mtu kama huyo.”