Jirani wa Kipa

Mama yangu amelala safu ya nne,
makaburini Paysandú, upande wa misonobari,
na jirani yake ni Waldemar Etchegaray, kipa,
yule aliyedaka kila kitu mwaka ule
redio zilipolia mji mzima.

Miaka tisa walilala kwa amani,
mshonaji na mdaka mipira,
hakuna aliyemsumbua mwenzake.
Kisha chama cha soka kikaleta mkono wa shaba,
wa kuume, umekunjuliwa,
unangoja shuti lisilofika.

Basi wakaja.
Wakaja kwa mabasi kutoka Salto, kutoka ng'ambo ya mto,
chupa za maji moto kwapani, jezi juu ya makoti,
wakaushika ule mkono kama wa mjomba
hata kidole gumba kikang'aa kama sarafu mpya,
vingine vinne vikibaki na ukijani wao.
Wakaacha glavu: za ngozi, za sufu,
na moja ya njano, ya kuoshea vyombo, imeandikwa kwa wino
*Asante kwa dakika ya themanini na nane.*
Mvua za Julai huzivimbisha.
Kila Jumatatu Osvaldo wa manispaa huzizoa kwa sepetu
huku akipiga ishara ya msalaba,
maana siku ile naye alikuwa uwanjani.

Muuza maua wa langoni, kufa kufaana,
ameongeza chumba cha pili.

Husemwa mgeni aje, mwenyeji apone.
Mama hakupona.
Ukitaka kumpiga picha kipa, jua likiwa mgongoni,
sharti usimame juu ya Zulma Bentancor,
kifuani hasa, penye tarehe.
Nimeona visigino. Nimeona makombo ya biskuti.
Nimemwona bwana harusi.
"Bibi, tupige picha, tafadhali,"
nami nina brashi na ndoo ya sabuni,
nawapiga. Nifanyeje?
Nawaambia watabasamu.

Usiku mmoja wa Agosti mtu alikuja na msumeno
akaondoka na kidole gumba.
Magazeti yalikililia kidole wiki nzima.
Manispaa wakaamua kujenga uzio, wakaniandikia barua:
uzio utakula sentimita arobaini za mama yangu
*kwa heshima ya urithi wa mji.*
Nilikwenda kupima kwa utepe wake mwenyewe,
ule wa kushonea, wenye alama ya pasi.
Sentimita arobaini ni upana wa mabega yake.
Najua. Gauni la mwisho nilimshonea mimi.

Jana, karibu na saa ya kufunga, mvua ikinyunya,
mzee mmoja alisimama kwenye kijia, kofia mkononi.
Hana jezi, hana glavu.
Alilisoma jina la mama kwa sauti, polepole, akasema,
"Samahani, Zulma, naomba kukaa."
Akakaa pembeni kabisa ya jiwe,
kama mtu anayekaa kitandani pa mgonjwa.
Nilimtambua kwa masikio: ni yale yale
ya kwenye picha ya kipa, chini ya kioo.

"Jumapili usiku," alisema bila kunitazama,
"vidole vyake havikuweza kushika kijiko.
Mama alimlisha. Sisi tuliambiwa tutazame ukutani."

Ule mkono wa shaba hakuugusa.
Alipoinuka alivua skafu, akafuta maji juu ya jiwe,
la mama, si la baba yake,
herufi moja moja, hadi mwaka.

Leo limekuja basi jingine.
Kijana akanipa simu yake, akajipanga, akatoa kidole gumba.
"Kwanza," nikamwambia, "msalimie mwenyeji."
Akatazama nyuma, akatazama uzio,
akatazama mkono wenye vidole vinne.
"Chini," nikasema.
"Umemkanyaga."