Maandishi Chini ya Boneti

Mkanda haukulia ulipokatika.
Wote wananiuliza hilo, na jibu langu ni hilo:
haukulia.
Gari lilikuwa likipanda kilima baada ya Tambores,
gia ya tatu, kondoo kushoto, kondoo kulia,
Julai na ukungu wake umelala mabondeni,
mara injini ikanyamaza
kama mtu aliyekatizwa neno akalisahau.
Breki ikawa ngumu chini ya kiatu.
Nikaliacha lijikokote hadi majanini.

Nikazungusha ufunguo.
Starta ikazunguka, na hapo ndipo nilipoogopa,
maana ilizunguka kwa wepesi,
wepesi wa cherehani isiyo na kitambaa,
haishiki kitu, haibishani na kitu.
Miaka thelathini Uno hii imebishana nami kila asubuhi ya baridi.
Ilipokubali upesi, nikajua imekufa.

Wilmar alikuja na kamba na pikapu ya shemeji yake.
Gereji yake ni banda la zamani la kukatia sufu;
sakafu bado inanuka kondoo chini ya oili.
Spana namba kumi, kifuniko cha plastiki,
akauvuta mkanda nje kama utumbo wa kuku:
hapa umekatika, pale
meno yamenyolewa, ufizi mtupu, unang'aa.

"Doña Elvecia, nani alikuwa anakutunzia hili?"

Nikamwonyesha.
Ndani ya boneti, karibu na bawaba,
utepe wa karatasi uliogeuka rangi ya chai,
na herufi kubwa za Nolberto,
mtu aliyejifunza kuandika kwa kupiga chapa magunia:
MKANDA 159,000. TENA 219,000.
Geji ilisoma mia mbili arobaini na moja elfu na ushei.

Miaka sita tangu nimzike
nimeinua boneti ile kila Jumamosi kutia maji,
nimeyaona maandishi yale,
nimeyapangusa hata vumbi, polepole,
kama mtu apangusavyo picha.
Nilidhani ni kumbukumbu. Ilikuwa amri.
Ufa niliusoma kila wiki
nikaudhani pambo la ukuta.

Wilmar alieleza kwa mikono: ngumi ni pistoni,
vidole vya mkono wa pili ni valvu.
Mkanda ukiwepo wanapishana mlangoni kwa adabu;
ukikatika, anayepanda anamkuta anayeshuka,
na chuma hakijui kusema samahani.
Tatu kati ya nane zimepinda.
"Matengenezo yanalishinda gari bei. Liuze chuma chakavu."

Nikamuuliza bei ya valvu moja.
Nikazidisha kwa tatu, nikaongeza gasketi, mkanda,
pampu ya maji ("kufika huko ndani ukaiacha ni ujinga"),
nikatoa kondoo wanne majike.
Zikabaki pesa za mkate.

Siku ya kumi akazungusha krenki kwa mkono,
mizunguko miwili kamili, sikio kwenye hedi,
mimi nimezuia pumzi bila kuambiwa.
Alama kwa alama. Hakuna kilichogusana.
Kisha ufunguo. Ikakataa.
Ikakataa tena, nami nikacheka kwa sauti,
maana ndiyo yenyewe, ndivyo ilivyo,
na mara ya tatu ikawaka.

Nikaomba kalamu. Utepe mpya chini ya ule wa zamani,
ambao sikuubandua.
MKANDA 241,300. TENA 301,300.
Nikapiga hesabu: mjini kila wiki, mazishi ya watu,
kwa dada yangu Salto wakati wa Pasaka;
nitakuwa na miaka themanini na tisa.
Nikaandika hata hivyo, herufi kubwa,
kwa yeyote atakayefungua.

Mkanda uliokatika nilirudi nao nyumbani.
Umefunga lango la banda la kuku.
Meno yaliyobaki yanashika vizuri sana.