Dakika ya Tisa

Chumba chetu hakina dirisha. Lilikuwapo,
wakalifunika kwa pazia zito la rangi ya ini,
na nyuma ya pazia Nairobi inapiga honi
kama mtu anayegonga mlango wa choo.

Tuko watatu: mimi, Bwana Nthiga, na Saida wa zamu.
Kila mmoja na fomu yake, kalamu yake, chupa yake ya chai.
Tunaandika gizani, mistari ikipandana.
Tusi: dakika ya nne. Sigara: ya sita, mara mbili.
Busu: halina neno, wamevaa makoti.

Watu hudhani tunakata. Hatukati.
Sisi ni kama wachambuzi wa mitumba Gikomba:
hii ya mtoto, hii ya mtu mzima,
hii isitundikwe mchana.

Wiki ya tamasha, lifti ikiwa imekufa,
Mumbua alipanda ghorofa saba
na filamu thelathini na moja ndani ya kiondo cha mamake.
"Mabango yako kwa mpiga chapa," akasema, akihema.
"Nipeni namba tu, nijue niandike nini pembeni."
Nikamkumbusha kanuni: lebo isizidiwe na jina la mdhamini,
isijifiche kwenye kunjo la karatasi,
itangulie picha ya kwanza, ikae kwenye skrini
hadi msomaji wa polepole aimalize.
Akaitikia kama mtu anayesomewa deni.

Ya ishirini na mbili haikuwa na muziki.
Dakika kumi na moja, imepigwa kwa simu iliyopasuka jicho,
ufa ukipita katikati ya kila uso.
Ua wa ploti, Kariobangi. Karai. Kanga kwenye kamba.
Mwanamke anacheka na mtu ambaye hatuonyeshwi.
Dakika ya tisa kanga ile ile iko sakafuni,
inakunywa.
Mkono hauonekani. Kisu hakionekani.
Kanga tu, na sauti ya mfereji ulioachwa wazi.

Nthiga akawasha taa. Chai ikapoa.
"Damu ni damu," akasema, kwa upole wa kinyozi.
Nikaandika: Kumi na Sita.
Sababu: athari za ukatili, dakika ya tisa.
Muhuri wangu hutoka upande siku zote.
Safari hii ulitoka sawa.

Ijumaa nilikwenda ukumbini, Ngara, kwa tiketi niliyoinunua.
Mlangoni, bawabu alikuwa ameshika kanuni kuliko sisi.
Mbele yake mvulana, shati la shule limepigwa pasi hadi linang'aa,
kadi shingoni: Otwori Nyabuto, Mwelekezi.

"Una miaka mingapi?"
"Kumi na minne na nusu."
"Basi namba imekukataa."

Mvulana akalisoma bango, taratibu,
jina lake, saa, mdhamini, mpaka pembeni,
mpaka lebo ile niliyoipigania ionekane.
"Lakini nilikuwapo," akasema.
Bila hasira. Kama mtu anayesahihisha tarehe.

Mumbua akaja mbio, akaniona, akanyamaza.
Ningesema nini? Kwamba tulikuwa tukimlinda?
Na bado, Mungu wangu, namba ile ni sahihi.
Ningeipiga tena kesho.
Nina binti wa miaka kumi na mitatu, Umoja,
anayelala na taa ikiwaka kwa sababu ya katuni.
Kanuni nimeipima kwa kimo chake yeye.
Mwingine sikumfikiria.

Tiketi yangu nikaikunja, nikaketi naye kwenye ngazi.
Ukuta ule ni mwembamba; tukasikia viti, kikohozi,
kisha kimya ambacho watu hulipa kukipata.
Alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya goti.
Alipofika kidole cha tisa akageuza uso,
akatazama vibanda vya ng'ambo, taa ya muuza smokie.
Maji yakaanza kumwagika ndani ya ukuta.

"Huo mfereji," akasema,
"niliufunga mwenyewe, baadaye.
Hiyo sikuirekodi."