Nyama Saa Saba

Saa kumi alfajiri nakanda unga wa watu.
Tui zito, hamira, iliki niliyotwanga jana,
sukari kwa kikombe cha bati
ambacho mkono wakijua kuliko macho.
Karai likishika moto mahamri yanavimba
kama mashavu ya mtoto anayezuia kucheka,
nami siyaonji.

Twaha wa dada yangu ndiye aliyenitia humu.
Ana misuli ya jimu ya Tudor na simu inayohesabu saa.
"Khalati, sukari yako imepanda ghorofa.
Wacha ngano, wacha mchele, wacha hata embe.
Nyama tu. Na nyama yenyewe ina dirisha:
saa saba mchana lafunguliwa, saa moja usiku lafungwa."
Na chai?
"Kavu."
Kavu bila maziwa, au kavu bila sukari?
Akanitazama kwa huruma
ya mtu anayefumba macho ya maiti.

Daktari wa Makadara alitikisa kichwa,
akaandika, akasema nirudi baada ya mwezi.

Nimefunga tangu nina miaka tisa.
Njaa nazijua moja moja:
ile ya saa nne, yapiga hodi na kuondoka;
ile ya alasiri, yavua viatu na kukaa.
Lakini funga zile nilikuwa na wenzangu.
Adhana ikitoka, sahani zikigongana
kutoka Kuze hadi Mkanyageni.
Sasa nafungua peke yangu,
simu ikilia kama kuku aliyekanyagwa,
hapana tende, hapana uji,
hapana bakuli la jirani chini ya kawa.
Bismillahi nasema. Hiyo haikukatazwa.

Awadhi wa Marikiti alizoea kunipimia robo ya mchuzi.
Sasa nataka kilo, na figo, na mafuta ya nundu.
"Bi Mwanakombo, una karamu?"
Nina wageni, namwambia.
Anafunga kwenye gazeti, hasemi.
Nusu kilo ni mahamri arubaini.
Kila nikitafuna naila foleni yangu ya asubuhi:
mwalimu wa madrasa, wapagazi, mama wa mapacha,
wote, kwa chumvi.

Kwenye harusi ya mtoto wa Bi Shekue
niliutenga wali wa biriani kando ya sinia,
ukawa ukuta wa manjano kati yangu na wenzangu.
"Wachagua kama paka," akasema mmoja.
Kweli. Paka wa mtaa wamenijua.
Saa saba kasorobo wako mlangoni, watatu,
wana dirisha lao pia.

Wiki ya tano. Gauni la Idi lanicheza kiunoni.
Pete ya marehemu yatoka yenyewe nikifua.
Mizani ya duka la dawa yasema kilo saba zimekwenda.
Wapi, haisemi.
Usiku naota mkate wa sinia.
Siuli: umekaa tu, umefunikwa, wanipumulia.

Anayenionjea ni Salwa wa nyumba ya pili,
miaka saba, jino moja la mbele halipo.
Kabla ya kwenda chuoni huketi juu ya mbuzi ya nazi,
hufumba macho, hutafuna, hutoa hukumu.
Leo amenyamaza sana.
"Kuna kitu hakimo."
Iliki? "Imo." Sukari? "Imo." Chumvi?
"Imo."
Basi nini?
Akainua mabega.

Bibi yangu, mwezi wa Ramadhani,
aliruhusu ncha ya ulimi:
onja, tema, funga yako iko palepale.
Kwenye simu ya Twaha
hakuna fatwa ya ncha ya ulimi.

Saa kumi na mbili na dakika kumi.
Watu wamesimama na vibakuli vyao vya mbaazi.
Nimekata kipande kama ukucha wa kidole kidogo,
kinatoa mvuke kati ya vidole vyangu,
na Salwa amenikazia macho kama kadhi.