Kiti cha Nyuma Kabisa

Usikae mbele. Nianze na hilo.
Mbele ni kwa wanaotaka kupigwa picha wakipiga mayowe.
Utamu uko behewa la mwisho:
wenzako wameshaanza kuporomoka,
wewe bado unapandishwa,
kisha mkia unachapwa kama mjeledi
na makalio yanaagana na kiti
bila kuombwa ruhusa.

Nasema haya mimi, fundi wa lifti.
Miaka kumi na tisa, Upper Hill mpaka Westlands,
nalipwa ili watu wasihisi kitu.
Waingie chini, watokee ghorofa ya ishirini na mbili,
chai isimwagike kikombeni.
Kazi yangu ni kuzuia kuanguka.
Jumamosi natoa shilingi mia nne
nikaanguke.

Ule uwanja mpya, ulio juu ya duka kubwa,
wanaousifu kazini, siupendi.
Reli zinang'aa, mikanda bado inanuka upya,
lakini wamefunga spika kila nguzo
hata mnyororo husikii.
Na mnyororo ndio hadithi yenyewe!
Ka, ka, ka, ka, unapopanda,
hapo ndipo mtu hukumbuka
kama alizima jiko,
na deni la Atamba,
na simu ya mama ambayo hakuipokea.
Ukiufunika kwa muziki
umepakua mchuzi bila chumvi.

Gurudumu kubwa? La wachumba.
Linakupandisha likuonyeshe mji:
vilima vya Ngong, mabati ya Kibera,
ndege ndogo zikitua Wilson,
kisha linakushusha kwa adabu, kama karani wa benki.
Sina ugomvi nalo. Wala hamu.

Magari ya kugongana niliyaacha.
Barabara ya Mombasa saa kumi na moja jioni
yanitosha, na haidai tiketi.

Vikombe vinavyozunguka vilinitapisha mbele ya shemeji.
Sitaki mjadala.

Ninayoipenda mimi ni ndogo, ya kizamani,
nyuma ya kituo cha mafuta, upande wa Lang'ata:
joka la kijani lililopakwa rangi juu ya rangi
mpaka meno yamemezwa na ufizi.
Mteremko wake mkubwa haufiki ghorofa ya tatu.
Watoto waliowahi kupelekwa Dubai huicheka.
Lakini kona ya pili imepinda vibaya;
aliyeichora alikuwa na haraka, au na huzuni.
Inakutupa begani kwa jirani
nusu sekunde kabla hujajiandaa.
Kosa lile, hata mnilipe, silirekebishi.

Mwendeshaji wake ni Cheruto.
Kila asubuhi hugonga nati kwa nyundo ndogo
na kusikiliza, kichwa kimeinama,
kama daktari wa kifua.
Nami hugonga hivyo hivyo.
Tulitambuana kwa hilo, majina yakaja baadaye.

Mwezi wa nane umeme ulikatika
nikiwa juu kabisa, kiti changu kile kile.
Kando yangu mvulana wa sare ya buluu,
Mutinda, alijitambulisha kwa sauti ya kulia.
Chini, Cheruto akaweka mikono mdomoni:
"Tulieni! Fundi yuko njiani!"
Nikacheka mpaka mtoto akaniogopa.
Maneno hayo ni yangu.
Nimeyasema kwenye vipaza sauti vya lifti mara mia,
na najua maana yake:
fundi bado anatafuta viatu.

Dakika kumi na mbili.
Upepo ulikuja na harufu ya mahindi ya kuchoma
na, mbali kidogo, mvua.
Taa zilikuwa zimezimika mtaa mzima
isipokuwa dirisha moja la mwenye jenereta.
Mutinda aliuliza kama tutaanguka.
Nilitaka kumjibu kama fundi.
Nikamwambia, "Naam. Ndicho tulicholipia."
Akafuta kamasi. Akafikiri.
Akashika chuma kwa mikono miwili,
akanyamaza kama mtu mzima,
na sote wawili tukasikiliza chini ya viti,
gizani, tukisubiri

ka.