Kupiga

Miaka thelathini na moja napiga besi
na bado mama mkwe huniuliza:
"Kazi yako ni ile ya kelele, au ile nyingine?"
Ile nyingine, mama. Ile isiyosikika
mpaka inyamaze.

Tulianzia Sudbury, chini ya nyumba ya kina Aino,
chumba cha mashine ya kufulia.
Januari, theluji imeziba madirisha hadi kope,
amplifaya inanuka vumbi lililoungua,
soksi za baba yake zinakauka juu ya ngoma.
Aino anaimba na koti mwilini.
Rejean na gitaa lake la deni.
Na Taras, mtoto wa mchimba nikeli,
anapiga kama mtu anayefukuzwa na mdundo wake mwenyewe.
Polepole, Taras!
Wimbo wa dakika nne aliumaliza kwa tatu.

Gari letu lilipokufa (lilikufa mara nyingi)
tulirudi na basi la saa sita na robo usiku,
besi mapajani kama mtoto mwenye homa.
Humo walikuwamo wasafishaji wa hospitali,
wachimbaji wa zamu, vyakula vyao miguuni,
na Bibi Haapala, aliyepiga deki kwenye benki tatu,
aliyetuambia Ijumaa moja, bila kuulizwa:
"Mnapiga vibaya, lakini mnapiga pamoja."
Sijapata kusoma uhakiki bora.

Tumepiga mengi. Tumepiga soga,
tumepiga hema kando ya barabara,
tumepigwa chenga na mameneja wawili.
Rejean alinipiga ngumi Thunder Bay kwa ajili ya wimbo
ambao leo hatuukumbuki hata kibwagizo.
Sikujua kwamba kitakachotuumiza
ni kupiga kura.

Taras ndiye aliyegombea udiwani.
Aino aliandika mabango. Mimi nilibisha milango
mia mbili na kumi, nikaumwa na mbwa mmoja.
Alishinda. Tukalewa.

Novemba, basi la usiku likaletwa mezani.
Gharama, wakasema. Abiria kumi na tisa tu, wakasema,
kana kwamba kumi na tisa ni sifuri iliyovaa koti.
Kila mwananchi alipewa dakika tatu.
Nikasimama bila mkanda begani, bila waya,
mikono haijui pa kukaa.
Nimesimama mbele ya watu elfu nne, sikutetemeka.
Mbele ya madiwani kumi na wawili na jagi la maji
nilitetemeka.
Nilimtaja Bibi Haapala.
Nilisema, tulipanda humo.
Nikasema, Taras, tulipanda humo.
Kengele ikalia sentensi ikiwa nusu.

"Wanaokubali liondolewe?"
Akainua mkono. Uleule
uliotuhesabia mara elfu, kijiti hewani,
moja, mbili, tatu
Saba kwa tano.
Siku hiyo hakuwa na haraka.

Jumapili alikuja mazoezini. Sikudhani atakuja.
Akakung'uta theluji viatuni, akasema bajeti,
akasema mashimo ya barabara,
akasema wewe huzioni zile karatasi.
Kweli, sizioni.
Aino akatazama mashine ya kufulia.
Rejean akaendelea kukaza uzi uliokwisha kukaza.
Nilikuwa nimebeba maneno tangu ngazini,
mazito, nimeyapanga vizuri.
Nikachomeka waya.

Bila yeye sijui wimbo unaanzia wapi.
Huo si msamaha.
Kesho asubuhi niko kwenye ngazi za manispaa,
saini elfu moja mia mbili ndani ya boksi la viatu,
na bango lenye jina lake, herufi kubwa,
wino mzito usiofutika kwa theluji.
Anajua. Kalamu yenyewe ni yake;
niliiazima mwaka ule wa kampeni
na sijamrudishia.