Joto Limo Kwenye Kodi

Saa nane usiku, Majengo. Feni imekufa pamoja na stima.
Nimetoka zamu, miguu imo beseni,
simu imo sikioni, na mwanamke wa kwenye rekodi
anasema treni yaondoka saa saba.
Kwake saba. Kwangu mimi ni moja.
Natoa sita, na yeye keshafika kituo cha tatu,
ameshuka, ameagiza kahawa, amegombana na mtu,
nami ningali nahesabu.

Mwalimu wangu ni Ilunga, fundi cherehani wa Mwembe Tayari,
mtu wa Lubumbashi. Ada yake: nimpime presha kila Ijumaa.
"Toa sauti puani," aniambia, pini mdomoni,
"kama mwenye mafua anayeona haya kupenga."
Nikapiga chafya. "Hapo! Hapo umekaribia."

Themanini kwao ni ishirini nne.
Tisini na tisa ni ishirini nne, kumi na tisa.
Watu hawa, nikamuuliza, mkopo wanalipaje?
Alicheka hadi uzi ukamkatikia.

Meza ni mke, jua ni mume.
Nami niliyekulia ndani ya ngeli,
nikajua mti una mi- yake na kisu kina vi- vyake
bila ya mtu kuuliza ni bibi au ni bwana,
sasa nazunguka chumbani kama mkunga:
nageuza kijiko, natazama.

Niliandika vijikaratasi, nikabandika kila mahali,
mlangoni, kabatini, kwenye ndoo, dirishani.
Mbuzi ya nazi pekee haikupata; kamusi ilinipa
kifaa cha kukwarua jibini, nikaiacha uchi.
Wageni walipokuja Bimkubwa akavibandua vyote,
hakutaka nyumba ionekane duka la dawa,
akavirudisha usiku, gizani, kwa nia njema.
Yeye husoma juzuu. Herufi hizi kwake
ni sisimizi waliopotea njia.
Dirisha likawa ndoo, ndoo ikawa dirisha,
nami nikakariri hivyo hivyo wiki nzima,
nikinyoosha kidole, yeye mkekani akichezesha midomo,
mpaka Ilunga aliponiuliza ni nyumba gani hiyo
ambayo watu huchungulia nje kupitia ndoo.

Jana alijifanya mwenye nyumba wa Moncton.
Uliza, akasema, una dakika tatu na nusu.
Vyumba vingapi? Basi lapita karibu? Majirani wana kelele?
Kisha lile swali la kitabuni, lazima liulizwe:
joto limo kwenye kodi?
Nikakwama. Jasho lanitiririka mgongoni,
mabati yanalia kwa jua la saa saba, saba yetu;
miaka thelathini na minane nimepewa joto hili
na sijaliona kwenye risiti hata moja.

Alhamisi napanda treni kwenda kufanya mtihani Nairobi.
Bimkubwa hajaniuliza alama ngapi zinatakiwa.
Aliuliza tu sindano ya sukari atamchoma nani.
Mwanasiti wa jirani ameshajifunza, nikamwambia;
anafanyia mazoezi chungwa.

Sasa mvua imeanza kupiga, ya ubavu.
Nimelala, macho nimefumba, nafanya mazoezi ya amri.
Nikasema, kwa Kifaransa, kwa pua yangu yote:
funga ndoo.
Kimya. Halafu makubadhi yakaburuzika sakafuni,
Bimkubwa kainuka,
akafunga dirisha.